CHEMBE ZA DAMU ZENYE UMBO LA MUNDU
Jinsi mtoto arithivyo ugonjwa kwa baba na mama, na njia za kumlinda

Wahenga walisema, "Mtoto hufuata kisogo cha nina." Methali hiyo hutajwa mtoto azaliwapo na sura ya mama yake au aonyeshapo tabia yake. Lakini mara nyingine hutajwa kwa ubaya. Mtoto akiugua mara kwa mara, akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho yake yakiwa ya manjano na mwili wake ukikataa kunenepa, jamaa za baba huanza kunong'ona kwamba mama ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Wengine husema kwamba mtoto amerogwa, na jirani asiye na hatia akashukiwa bure. Ndoa zimevunjika kwa sababu hiyo, na watoto wamekufa huku wazee wao wakimtafuta mchawi, kumbe msaada ulikuwako hospitali.

Ugonjwa huo huitwa selimundu. Hautokani na uchawi, wala hauambukizwi kwa kula chombo kimoja au kulala kitanda kimoja na mgonjwa. Chanzo chake kimo ndani ya damu, katika kitu kidogo kisichoweza kuonekana kwa macho. Tena mtoto hawezi kuupata kwa mama peke yake. Ili kuyafahamu mambo hayo, yafaa kwanza kujua mwili wa binadamu umejengwa namna gani.

MWILI NA CHEMBE ZAKE

Nyumba hujengwa kwa matofali, na mwili hujengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Idadi yake katika mwili wa mtu mzima hukadiriwa kuwa kiasi cha milioni 30 mara milioni moja. Lakini tofali ni kitu kisicho na uhai, na seli ni hai: hupokea chakula, hufanya kazi, huzeeka, hufa, na nyingine huzaliwa mahali pake.

Seli si za namna moja. Seli za misuli hujikunja na kujinyoosha ili mtu apate kwenda. Seli za neva huchukua habari kutoka kidoleni hadi ubongoni. Seli za ngozi huzuia uchafu usiingie mwilini. Seli nyingi zikikusanyika kwa kazi moja hufanya kiungo, kama moyo, ini au figo. Viungo navyo hushirikiana, na ushirika huo huitwa mfumo. Moyo, mishipa na damu ni mfumo mmoja. Pua, koo na mapafu ni mfumo mwingine. Hakuna mfumo uwezao kuishi peke yake. Mapafu yakivuta hewa, lakini damu isiweze kuichukua, ni sawa na shamba lenye mavuno mengi lisilo na njia ya kufikia soko.

WACHUKUZI WA DAMU

Wachukuzi wa mwili ni chembe nyekundu za damu. Katika tone dogo kama kichwa cha pini mna chembe hizo karibu milioni 5. Chembe moja ni ndogo hata 125 zikipangwa kwa safu, safu nzima haizidi milimita moja. Umbo lake ni mviringo, mfano wa chapati ndogo iliyobonyezwa katikati kwa pande zote mbili. Tena ni laini, huweza kujikunja na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, kisha ikarudi katika umbo lake kama kwanza.

Kazi yake ni kupakia oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Hupakia mzigo huo mapafuni, moyo ukaisukuma kwenda ubongoni, figoni, miguuni na kila mahali. Huko huushusha mzigo na kurudi tena mapafuni. Chembe nyekundu huzaliwa katika uboho, ulio ndani ya mifupa. Huishi kiasi cha siku 120, na ikizeeka huvunjwa katika wengu na ini. Kwa kuwa nyingi huzeeka kila siku, uboho wa mtu mzima hutengeneza mpya kiasi cha milioni 2 kwa kila nukta ya saa, usiku na mchana, pasipo kupumzika.

Kitu chenyewe kishikacho oksijeni ndani ya chembe ni protini iitwayo hemoglobini, na ndiyo iipayo damu wekundu wake. Hemoglobini ni mfano wa nyuzi 4 za ushanga zilizosokotwa pamoja. Nyuzi 2 ni za namna moja, kila uzi una shanga 141. Na nyuzi 2 ni za namna nyingine, kila uzi una shanga 146. Shanga hizo zina mpango wake, kila moja mahali pake, wala haifai kubadilishana.

MAAGIZO YALIYOANDIKWA NDANI YA SELI

Ni nani auambiaye uboho kupanga shanga hizo sawasawa? Katika seli zilizo nyingi mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Zimo jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Juu ya kromosomu yamo maagizo kiasi cha 20,000 ya kutengeneza protini za mwili, na kila agizo huitwa jeni. Maagizo hayo yameandikwa kwa dutu iitwayo DNA, ambayo umbo lake lilifunuliwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge. Maandishi yake yana herufi 4 tu, lakini kwa kuzipanga mbalimbali huandika habari zote za mwili.

Katika maandishi herufi moja ni jambo kubwa. Mtu ajengaye nyumba akimtuma karani aandike barua dukani kuagiza bati 20, na karani akakosea herufi moja akaandika bata 20, mwenye nyumba hatapata paa. Atapata ndege wa kufuga. Barua ni ile ile, mwandiko ni mzuri, na kosa ni la herufi moja.

Ndivyo ilivyo katika selimundu. Jeni ya ule uzi wenye shanga 146 imo katika kromosomu ya 11. Kwa watu wengine herufi moja ya jeni hiyo imebadilika, na kwa sababu hiyo ushanga wa sita si ule upasao kuwapo. Mahali pa asidi ya glutamiki pamewekwa valini. Shanga nyingine zote 145 ni sawa kabisa.

MADHARA YA USHANGA MMOJA

Hemoglobini yenye kosa hilo hupakia oksijeni kama nyingine. Taabu huanza ikisha kushusha mzigo. Hapo hemoglobini moja hunasa nyingine, na hiyo hunasa ya tatu, hata zikawa fimbo ndefu ngumu ndani ya chembe. Fimbo hizo huivuta chembe mpaka ikaacha umbo lake la mviringo na kupindika kama mundu wa kukatia majani. Jina la ugonjwa limetoka hapo.

Chembe ya namna hiyo ni ngumu, haiwezi kujikunja. Ikifika katika mshipa mwembamba hukwama, na zifuatazo nyuma yake hukwama pia. Sehemu ya mwili iliyo mbele hukosa oksijeni, na mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, tumbo au kifua. Tena chembe hizo hazidumu siku 120. Nyingi hufa baada ya siku 10 hadi 20. Uboho hufanya kazi kwa nguvu zote, lakini hauwezi kufidia hasara hiyo, na mgonjwa huwa na upungufu wa damu siku zote. Mabaki ya chembe zilizovunjika ndiyo yayatiayo macho rangi ya manjano.

Kwa kuwa damu hufika kila mahali, hakuna kiungo kilicho salama kabisa. Wengu, ambao ni mlinzi wa mwili juu ya vijidudu, huharibika mapema utotoni, na mtoto huweza kufa upesi kwa ugonjwa wa mapafu au wa damu ambao mtoto mwingine angeushinda. Figo hushindwa kubana maji, na mtoto hukojoa sana. Mishipa ya ubongo ikizibwa, mtoto hupooza upande mmoja. Hayo yote ni matokeo ya herufi moja.

Mtoto mchanga huwa haonyeshi dalili yoyote, kwa sababu alipokuwa tumboni mwili wake ulitumia hemoglobini ya namna nyingine, isiyo na kosa hilo. Hiyo hupungua pole pole baada ya kuzaliwa, na kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi 5 au 6. Dalili ya kwanza mara nyingi ni vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma. Wazazi husema, "Mtoto alizaliwa mzima, basi amefanywa na mtu." Lakini alizaliwa nao ugonjwa huo, ila haujapata nafasi ya kuonekana.

BAHATI YA MAHARAGWE

Kila mtu ana jeni 2 za hemoglobini hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye jeni 2 zilizo nzima hana ugonjwa wala hawezi kuurithisha. Mwenye jeni moja nzima na moja ya selimundu huitwa mbebaji. Jeni yake iliyo nzima humtosha. Huishi kwa afya njema, hulima, huoa na kuzeeka pasipo kujua lolote. Mwenye jeni 2 za selimundu ndiye mgonjwa.

Mfano mmoja utalieleza jambo hili. Vichukuliwe vibuyu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, wote wawili wakiwa wabebaji. Katika kila kibuyu yatiwe maharagwe mawili, moja jeupe, ndilo jeni nzima, na moja jekundu, ndilo jeni ya selimundu. Kila mtoto achukuliwapo mimba, haragwe moja hutolewa katika kila kibuyu pasipo kutazama. Njia ni 4 tu:

1. Jeupe la baba na jeupe la mama: mtoto ni mzima.
2. Jeupe la baba na jekundu la mama: mtoto ni mbebaji.
3. Jekundu la baba na jeupe la mama: mtoto ni mbebaji.
4. Jekundu la baba na jekundu la mama: mtoto ni mgonjwa.

Basi kwa kila mimba kuna bahati moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Hapa watu wengi hukosea. Husema, "Mtoto wetu wa kwanza ni mgonjwa, kwa hiyo watatu wajao watakuwa wazima." Sivyo. Maharagwe yakisha kutolewa hurudishwa kibuyuni, na kwa mtoto wa pili bahati huanza upya, ni moja katika nne vile vile. Wako wazazi waliopata watoto watano wazima wote, na wako waliopata wagonjwa watatu kwa kufuatana. Hakuna aliyekosa wala aliyefanya vema.

Mzazi mmoja tu akiwa mbebaji na mwenzake akawa na jeni 2 nzima, hakuna mtoto wao atakayekuwa na ugonjwa huu wa jeni mbili, ingawa baadhi yao huweza kuwa wabebaji. Basi yule baba amfukuzaye mkewe kwa sababu ya mtoto mwenye selimundu hafahamu kwamba jeni moja ilitoka kwake. Kwa ugonjwa huu mtoto amefuata visogo viwili, cha nina na cha baba.

KWA NINI PWANI NA KANDO YA ZIWA?

Ikiwa jeni hii huua watoto, mbona haikutoweka zamani? Jibu la swali hilo lilianza kupatikana katika Afrika ya Mashariki.

Chembe zenye umbo la mundu zilielezwa kwanza mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliyemtibu mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tofauti imo katika hemoglobini yenyewe, na mwaka 1957 Vernon Ingram huko Cambridge akataja ushanga mmoja uliobadilika.

Katika mwaka ule ule wa 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alisafiri nchini Kenya akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Karibu na bahari na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi watu 20 katika kila 100. Katika nchi ya juu yenye baridi walikuwa wachache sana. Lugha na asili ya makabila hazikueleza tofauti hiyo. Kilicholingana nayo ni mbu: mahali penye malaria nyingi ndipo palipokuwa na wabebaji wengi.

Baadaye Allison alipima watoto 290 nchini Uganda. Katika wabebaji 43, waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu walikuwa 12, yaani karibu 28 katika 100. Katika watoto 247 wasio wabebaji walikuwa 113, yaani karibu 46 katika 100. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1954. Wako wataalamu walioshuku, lakini uchunguzi wa miaka iliyofuata uliyathibitisha maneno yake. Katika Kilifi wachunguzi walitangaza mwaka 2005 kwamba kuwa mbebaji hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu sehemu 9 katika 10.

Sababu ni kwamba kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ili kizaane humo. Katika chembe za mbebaji hakistawi vema, na chembe zilizoingiliwa huondolewa upesi na mwili. Basi zamani, kabla ya dawa na vyandarua, watoto wabebaji walipona malaria iliyowaua wengine, wakakua, wakazaa na kurithisha jeni hiyo. Jeni iliyowaumiza wachache iliwaokoa wengi. Kwa hiyo selimundu si laana ya kabila lolote. Imo pia Uarabuni, Bara Hindi, Ugiriki na Sisilia, na imo Marekani kwa wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani.

Lakini mtu asidanganyike hapa. Kinga hiyo ni ya mbebaji, si ya mgonjwa. Mtoto mwenye jeni 2 za selimundu akipatwa na malaria, damu yake ambayo ni haba tayari hupungua zaidi, na maisha yake huwa katika hatari kubwa.

YAPASAYO KUFANYWA

Duniani kote karibu watoto nusu milioni huzaliwa na selimundu kila mwaka, na zaidi ya robo tatu yao ni wa Afrika kusini ya Sahara. Zamani wengi walikufa wadogo, hata jina la ugonjwa lisijulikane. Siku hizi mtoto ajulikanaye mapema huweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Mambo yafuatayo ni ya lazima:

Kwanza, mtoto mwenye dalili zilizotajwa, au aliye na ndugu mgonjwa, apelekwe hospitali apimwe damu. Tone dogo hutosha. Haifai kungoja.

Pili, mtoto mgonjwa apewe penisilini kila siku katika miaka yake ya kwanza kama daktari aagizavyo, na chanjo zake zote zitimizwe. Dawa hiyo hushika kazi ya wengu ulioharibika.

Tatu, alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na ale dawa ya kuzuia malaria akiagizwa.

Nne, anywe maji mengi, avikwe nguo za kumtia joto wakati wa baridi, wala asichoshwe kupita kiasi. Mwili ukikosa maji au ukipatwa na baridi, chembe hukwama upesi. Walimu nao wajue kwamba mtoto kama huyo hana budi kuruhusiwa kunywa maji na kwenda msalani mara kwa mara. Si uvivu wala utundu.

Tano, akipatwa na homa, au kushindwa kupumua, au tumbo kuvimba ghafula upande wa kushoto, au viganja kuwa vyeupe, au mkono na mguu kulegea, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Sita, wazazi waulize habari za dawa iitwayo haidroksiyurea. Dawa hiyo huusaidia mwili kutengeneza tena ile hemoglobini ya utotoni. Mwaka 2019 zilichapishwa habari za watoto waliotibiwa kwa dawa hiyo katika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu na vifo vilipungua. Hutolewa na daktari, na damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara.

Iko pia njia ya kuuondoa ugonjwa wenyewe kwa kumpa mgonjwa uboho wa ndugu yake ambaye damu zao zapatana. Tena mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuzirekebisha jeni za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Gharama yake ni kubwa mno, na watu wachache tu huweza kuipata. Kwa hiyo ulinzi wa nyumbani na hospitali ya karibu ndio tegemeo la watoto walio wengi.

Vijana wanaokusudia kuoana yafaa wapimwe wote wawili, si mwanamke peke yake. Wakikutwa wabebaji wote, hakuna awalazimishaye kuachana. Lakini watajua mapema hatari iliyo mbele yao, na mtoto wao atapimwa mara azaliwapo, kabla maumivu hayajaanza. Na wale ambao tayari wana mtoto mgonjwa waache kulaumiana. Mtoto huyo anahitaji maji, chandarua, dawa na wazazi wawili.